Tairi pana kwenye rimu zilezile: programu yangu ilisema sawa

Leo hakuna habari za seva wala hifadhidata. Leo ni tairi. Wenye magari mtanielewa haraka, na wasio na magari someni tu, kwa sababu kosa lenyewe ni la mtu wa programu, yaani mimi.

Jamaa mmoja niliyesoma naye chuoni ana Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa 2012, yenye rimu za inchi 17. Tairi zake za kiwandani ni 215/45R17. Kwa gari la spoti hizo ni nyembamba, na zilikuwa zikimkera kila akiegesha kando ya Subaru ya mtu. Akaniuliza: naweza kuweka tairi pana zaidi bila kununua rimu mpya? Badala ya kumpeleka kwa fundi, nikafungua kompyuta.

Hesabu ni rahisi. 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu wake kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi ni milimita 96.75. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ambayo ni 431.8, unapata kipenyo cha tairi nzima: 625.3. Skripti yangu ilipitia saizi nyingine za inchi 17 ikitafuta yenye kipenyo kinachokaribia hicho, ili mita ya spidi isidanganye. 225/45 ilizidi kwa asilimia 1.4. 235/45 ilizidi kwa 2.9. Halafu 245/40 ikatoka na 627.8, tofauti ya asilimia 0.4 tu. Mshindi! Upana wa milimita 30 zaidi na mita haijui kama kuna kilichobadilika. Jamaa akanunua nne.

Mzee aliyezifunga aliziangalia, akaangalia rimu, akasema, "Kijana, hizi zimezidi rimu." Nikamwambia, "Usijali mzee, tumeshapiga hesabu." Hakubishana. Pesa ni zetu, tairi ni zetu.

Programu haikukosea hesabu hata moja. Swali ndilo lililokuwa na shimo. Nilishughulika na kipenyo cha rimu nikasahau kwamba rimu ina upana pia, na upana huo haumo kabisa katika ile namba iliyoandikwa kwenye tairi. Rimu ya 86 ina upana wa inchi 7. Watengenezaji wa tairi huchapisha majedwali yanayosema kila saizi inakubali rimu za upana gani: 215/45R17 inataka inchi 7 hadi 8, 225/45R17 inataka 7 hadi 8.5, na 245/40R17 inataka 8 hadi 9.5. Yetu ilikuwa nje kwa inchi nzima.

Kibaya zaidi, hata ule upana tulioulipia hatukuupata. Hiyo 245 hupimwa ikiwa kwenye rimu ya inchi 8.5. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nusu inchi unayopunguza kwenye rimu inakuondolea kama milimita 5 za upana wa tairi. Kutoka 8.5 hadi 7 ni nusu inchi tatu, kwa hiyo tairi ya 245 inabaki kama 230. Kingo zake zinabanwa ndani, mbavu zinatokeza nje kama chapati iliyofura, na uso unaokanyaga lami unapata mgongo katikati.

Wengi pia huamini kwamba tairi pana inakanyaga eneo kubwa zaidi. Si hivyo hasa. Gari hili lina uzito wa kama kilo 1,240, kwa hiyo kila tairi inabeba kama 310. Ukijaza upepo wa psi 35, eneo linaloshika barabara ni kama sentimita za mraba 126, karibu na ukubwa wa kiganja. Tairi pana yenye upepo uleule inakanyaga karibu eneo hilohilo, ila umbo linabadilika: linakuwa pana na fupi. Umbo hilo linasaidia kwenye kona, nakubali, lakini tu kama rimu inaunyoosha uso wa tairi vizuri. Kwenye maji yaliyosimama barabarani mambo hugeuka, maana tairi pana huanza kuelea mapema zaidi. Mvua za Aprili mnazijua.

Tulilijaribu gari barabara ya Magadi, pale Kona Baridi. Unakata usukani, mbavu za tairi zinajikunja kwanza, kisha ndipo gari linageuka. Ni kuchelewa kidogo sana, lakini katika gari linalopendwa kwa usukani wake ni sawa na kibodi inayoandika herufi baada ya kidole kuondoka. Kabla ya mwaka kwisha tairi zilikuwa zimelika katikati huku pembeni bado mpya.

Najua atatokea mtu aseme, mbona Wamarekani wanafanya hivyo na wanashinda? Ni kweli. Katika mashindano ya SCCA Solo kuna madaraja ambayo sheria hairuhusu kubadilisha upana wa rimu, kwa hiyo madereva hubandika tairi pana kuliko kawaida na saa inawapa haki. Lakini mbio zao ni za dakika moja hivi, kwenye uwanja uliopangwa vikoni, na wanachezea upepo kila mzunguko. Wao wanabanwa na sheria. Wewe unayekwenda Naivasha na familia hubanwi na mtu.

Tena 86 haikupewa tairi hizo kwa ubahili. Ilitoka na Michelin Primacy HP, zilezile zilizofungwa kwenye baadhi ya Prius, kwa makusudi, ili gari lenye nguvu farasi 200 liteleze kwa furaha bila kuhitaji spidi za kuua mtu. Ukitaka lishike barabara zaidi, tafuta mpira laini zaidi wa saizi ileile ya 215/45. Lazima upana uongezeke? 225/45 ndiyo mwisho kwa rimu hizi, na hata hapo uko ukingoni mwa jedwali. Ukitaka 245, nunua rimu za inchi 8 au 8.5 kwanza. (Faida moja ya tairi iliyozidi rimu nitaitaja: ubavu uliotokeza huikinga rimu isikwaruzwe na kingo za barabara. Kwa Nairobi si jambo dogo.)

Jamaa amerudi kwenye 215, za mpira laini, na mimi nililipa nusu. Skripti nimeirekebisha: sasa inauliza upana wa rimu kabla ya kitu kingine chochote. Kama hujui wa kwako, mara nyingi umechongwa upande wa nyuma wa rimu, kitu kama 17x7J. Tafuta jeki uangalie.