AJENGAYE TIMU APIMWE KWA HAKI

Huko Mbozi Mission, mahali ambapo Wamoravian walijenga kituo chao mwishoni mwa karne ya 19, hakuna mtu mwenye akili anayelipima shamba la kahawa kwa mavuno ya mwaka mmoja. Mche ukipandwa leo, mkulima hungoja kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuchuma kitu cha maana. Basi shamba likizaa sana, wenyeji wajua kuuliza: Ni nani aliyepanda? Ni nani aliyepogoa? Na huyu anayechuma leo, anaacha miche gani kwa ajili ya kesho?

Lakini watu hao hao, wakikaa jioni kuzungumza habari za mpira, huiacha hekima hiyo shambani. Tumewasikia wakibishana juu ya Bibi Barbara Gonzalez, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa klabu ya Simba tangu Septemba 2020 hata Januari 2023. Upande mmoja wasema ndiye aliyeijenga timu; upande wa pili wasema ndiye aliyeibomoa. Kila upande una mwaka wake mmoja mkononi, wala hautaki kutazama miaka mingine. Ubishi wa namna hii hauko Mbozi peke yake, bali umeenea nchi nzima, na kwa kuwa unahusu namna tunavyowahukumu watu tuliowakabidhi kazi, yafaa tuuangalie kwa makini.

Wanaomsifu hutaja msimu wa 2020/21. Katika msimu huo Simba iliishinda AS Vita huko Kinshasa bao 1 kwa 0, ikaishinda Al Ahly ya Misri bao 1 kwa 0 mjini Dar es Salaam tarehe 23 Februari 2021, ikamaliza ya kwanza katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa wa Afrika, na ikachukua ubingwa wa nchi kwa mara ya nne mfululizo. Hayo ni kweli tupu. Lakini ni kweli pia kwamba Clatous Chama alikuwa Simba tangu 2018, na Luis Miquissone, aliyeifunga Al Ahly siku ile, aliingia Januari 2020. Wote wawili walisajiliwa kabla Bibi Gonzalez hajaketi katika kiti chake. Alikuta shamba linalozaa. Sifa yake ni kwamba hakuliharibu. Sifa ya kupanda yawahusu waliomtangulia, na tusiwapokonye.

Wanaomlaumu hutaja Agosti 2021, Miquissone alipouzwa kwa Al Ahly na Chama kwa RS Berkane ya Morocco. Msimu uliofuata Yanga ilichukua ubingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja. Basi husemwa kwamba aliuza timu. Neno hilo ni jepesi mno. Klabu ya nchi yetu, mchezaji wake akitakiwa na klabu tajiri, ina njia mbili tu: kumwuza wakati bei ipo, au kumshikilia mpaka mkataba wake uishe na aondoke bure. Kuuza si dhambi. Swali la haki ni hili: nafasi iliyoachwa ilizibwa na nani?

Hapo ndipo hesabu yake inapokuwa na pande mbili. Mwaka ule wa 2021 waliingia Henock Inonga, beki hodari, na Pape Ousmane Sakho, ambaye bao lake dhidi ya ASEC Mimosas lilichaguliwa kuwa bao bora la mwaka barani Afrika mwaka 2022. Chama naye alirudishwa Januari 2022. Usajili huo ulikuwa mzuri. Hata hivyo haukutosha kuuzuia ubingwa usiende Jangwani. Tena, katika muda usiotimia miaka miwili na nusu, timu ilipita mikononi mwa makocha wasiopungua watano: Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki na Juma Mgunda. Baadhi yao waliondoka kwa hiari yao na baadhi waliondolewa, lakini kwa vyovyote vile timu haiwezi kuota mizizi ikiwa kila mara yaja mikono mipya na mafundisho mapya. Hili ni kosa, nasi hatulifichi. Lakini si kosa la mtu mmoja. Simba ina bodi, ina wanachama, na ina mwekezaji. Wote hao hupiga picha siku ya kombe. Yawapasa wasimame pamoja siku ya lawama.

Tazameni na upande wa pili wa mtaa. Bwana Senzo Mazingisa wa Afrika ya Kusini aliiacha Simba mwezi Agosti 2020 akaenda Yanga. Wakati wake huko waliingia Djigui Diarra, Khalid Aucho na Fiston Mayele, wote mwaka 2021. Yeye akaondoka katikati ya 2022, na mwaka 2023 Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Je, fainali ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Senzo, ya Injinia Hersi Said aliyechaguliwa rais wa klabu Julai 2022, au ya kocha Nasreddine Nabi? Mtu mkweli atajibu kwamba ilikuwa yao wote, pamoja na wachezaji waliotoka jasho. Basi kipimo hicho hicho na kitumike Msimbazi.

Huenda mfanya kazi atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi tunaochuma kahawa? Twajibu: yanawahusu sana. Anayemhukumu meneja wa timu kwa kelele za siku moja atamhukumu vivyo hivyo meneja wa chama chake cha ushirika. Bei ya kahawa ikipanda huko ng'ambo atamsifu meneja, ingawa meneja hakuipandisha. Ikishuka atamfukuza, ingawa hakuishusha. Na meneja akiisha kujua kwamba anapimwa kwa mavuno ya mwaka huu tu, atakula mbegu. Ataacha kununua miche, ataacha kutengeneza mashine, atakopa ili agawe leo apigiwe makofi, na deni atamwachia atakayemfuata. Watu wanaohukumu vibaya hujipatia viongozi wabaya.

Kwa hiyo twashauri kwamba kila mtu aliyeshika kazi ya wengi aulizwe mambo matatu: alikuta nini, aliongeza nini, na aliacha nini. Tukimpima Bibi Gonzalez kwa maswali hayo, twaona kwamba alikuta timu yenye nguvu, akaipeleka mbele katika Afrika, akashindwa kuilinda nyumbani, na akaacha wachezaji waliosaidia kuifikisha tena robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwezi Aprili 2023, ilipotolewa na Wydad kwa mikwaju ya penalti baada yeye kuondoka. Huyo si malaika wala si mharibifu. Ni mtu aliyefanya kazi. Na anayemlaumu kwa sababu tu alikuwa mwanamke wa kwanza katika kiti kile, huyo hajaanza hata kuhukumu.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wanachama wa Mbozi, na wa kila mahali, mtakapokwenda katika mkutano mkuu wa ushirika au wa tawi, nendeni na maswali yale matatu, na mtake daftari lifunguliwe mbele yenu kabla hamjapiga makofi na kabla hamjazomea.