Deep Sea Si Mtaa wa Kugawiwa Nguo Kuukuu Tu

Hapa Parklands tuna desturi moja ambayo naona wakati umefika tuijadili bila kuoneana haya. Ikikaribia Krismasi tunakusanya nguo kuukuu na pakiti za unga, tunateremka nazo hadi Deep Sea, ule mtaa wa mabanda ulio bondeni, tunapiga picha, tunarudi. Mwaka unaofuata tunakuta matope ni yaleyale na mabati ni yaleyale. Lakini sisi tunajisifu ati tumesaidia jamii!

Wengine wetu hata huruma hiyo hawana. "Si wabomoe tu," husema, "mtaa wetu upendeze." Haya, tuwajibu hao kwanza. Mwaka 1990 mitaa ya Muoroto na Kibagare ilibomolewa. Kibagare si mbali nasi, iko upande wa Loresho. Je, watu waliyeyuka? Wapi! Kibagare ipo hadi leo na mabanda yake. Ukimbomolea mtu nyumba hujaiondoa kazi iliyomleta, na wengi wa majirani zetu wa bondeni ndio wanaofua, wanaopika na wanaolinda malango katika majumba ya huku juu.

Basi dawa ni nini? Mimi nawaelekeza Huruma, kwenye kijiji cha Kambi Moto. Jina lenyewe latokana na mioto iliyokuwa ikiteketeza mabanda ya pale. Wakazi waliungana chini ya Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996, wakasaidiwa na shirika la Pamoja Trust. Walijihesabu wenyewe, mlango kwa mlango. Wakaweka akiba, shilingi kwa shilingi. Wakasimamisha mfano wa nyumba kwa vitambaa, ukubwa kamili, mtu aingie ajionee mahali pa jiko na pa kitanda kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mwaka 2003 Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa na ardhi hiyo, ilikubaliana nao na ujenzi ukaanza.

Lakini jambo gumu halikuwa mawe wala saruji. Lilikuwa ni wenye mabanda na wapangaji. Mwenye vyumba kumi anakusanya kodi kila mwezi. Leo umwambie atapata nyumba moja sawasawa na mpangaji wake, kweli atakubali? Hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Kambi Moto walizungumza mpaka wakaafikiana: kila jamaa nyumba moja, awe mwenye banda au mpangaji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ushirikiano ulipoonekana. Kupaka ukuta rangi hakumgharimu mtu chochote.

Sisemi Kambi Moto ni peponi. Nyumba zilijengwa polepole, mikopo ililemea wengine, na kuna walioanza na chumba cha chini wakangoja kupata pesa za kupandisha juu. Kibera Soweto Mashariki serikali ilijenga maghorofa. Watu walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009 na nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka 2016. Ni nyumba nzuri, sikatai. Ila miaka saba ni mingi kwa mtu anayengoja kuambiwa kama jina lake limo.

Na jina kuwamo ndilo suala la Deep Sea pia. Barabara iliyopangwa kupita pale kwa msaada wa Umoja wa Ulaya iliwatia wakazi hofu kwa miaka mingi, na swali lao kubwa lilikuwa: nani kahesabiwa, nani kaachwa? Mpangaji asiye na karatasi ndiye husahauliwa kwanza.

Sasa sisi wanachama wa Kiswahili tuna nini cha kupeleka? Tuna lugha. Notisi na barua za maofisi huja kwa Kiingereza kigumu kinachowatoa jasho hata walimu. Tuwaulize wazee na akina mama wa Deep Sea kama wangependa tuwatafsirie, na siku watakapojihesabu, tukae nao tuwaandikie majina kama watakavyotuelekeza. Orodha ibaki mikononi mwao, si kwenye kabati la shule.

Mlezi wetu wa chama, tunaomba Ijumaa mbili kila muhula, na ruhusa ya kwenda kuwauliza kabla ya likizo ya Aprili.