PIN usiandike, lakini ufunguo huu uandike

Mwezi uliopita shemeji yangu, anayeuza nafaka Kongowea, alinyakuliwa simu kwenye dirisha la matatu. Kesho yake alirudisha laini, akabadilisha PIN, akakuta pesa zake zote zipo. Alishukuru Mungu, akacheka. Kicheko kiliisha alipokumbuka daftari la madeni. Lilikuwa ndani ya ile simu: majina, namba, nani alichukua gunia la maharagwe na amebakisha ngapi. Zaidi ya shilingi 40,000 ziko mikononi mwa watu, na ushahidi hakuna.

Pesa zilibaki kwa sababu hazikuwa kwenye simu. Simu ni mlango tu. Hesabu yenyewe hukaa kwenye seva. Kwa maoni yangu, rekodi za biashara yako zinastahili ulinzi huo huo.

Nikisema hivi, wengi hunijibu, "Bando litaisha." Si kweli. Programu nzuri ya kuhifadhi nakala hupakia kila kitu mara ya kwanza tu, na hiyo unaweza kuifanya penye Wi-Fi. Baada ya hapo hutuma kilichobadilika peke yake. Ukiongeza wadaiwa watatu leo, hayo mabadiliko madogo ndiyo yanayosafiri usiku, si daftari zima.

Wengine huuliza, "Nitampaje mtu baki majina ya wateja wangu?" Swali zuri, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zitunzwe. Jibu ni kusimba: faili hufungwa kwa ufunguo wako kabla hazijatoka kwenye kifaa chako. Mwenye seva anabaki na mchafukoge wa herufi asioweza kuusoma. Kwa kompyuta ya dukani, Duplicity na restic hufanya kazi hii bure. Kwa wanaopokea oda kwa WhatsApp, tangu 2021 unaweza kusimba nakala ya mazungumzo kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu huumia. Siku zote tunakwambia usiandike PIN popote. Ukiisahau, unakuja na kitambulisho, tunakuthibitisha, unapata nyingine. Ufunguo wa nakala hauna dawati la huduma kwa wateja. Ukiupoteza, hata aliyetengeneza programu hawezi kukufungulia, na hiyo ndiyo maana halisi ya usalama wake. Kwa hivyo uandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani pamoja na hati zako muhimu. Usiupige picha ukauacha kwenye simu ile ile. Huko ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Halafu jaribu. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Mara moja kwa mwezi, rudisha faili moja kwenye kifaa kingine uone kama inafunguka. Kumbuka pia KRA inakutaka utunze rekodi za kodi kwa miaka 5, na ni simu chache zinazoishi muda huo.

Shemeji sasa anazunguka soko zima akiwauliza wateja wake. Baadhi wamelipa kwa uungwana. Wengine wanamuuliza, "Deni gani, mama?"