Nairobi na Mogadishu: Umbali Unaoamuliwa kwa Amri

Kutoka Mogadishu hadi Nairobi ni kama kilomita 1,010 kwa anga, safari ya saa moja na nusu hivi. Hesabu hiyo inajulikana sana Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi mjini Minneapolis, Marekani, hasa kwa waliokulia Eastleigh na Dadaab, ambao hadi leo Kiswahili hakijawatoka. Wanajua pia kwamba safari hiyo iliwahi kula siku nzima.

Kwa miaka mingi Kenya ilizitaka ndege zinazotoka Mogadishu zitue kwanza Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Abiria walishuka, mizigo ikateremshwa na kupekuliwa, ndipo wakapanda tena. Amri hiyo iliondolewa Novemba 2016, ikarudishwa Mei 2019, kisha ikaondolewa tena mwaka huo huo. Ukipima kwenye ramani, kupitia Wajir hakuongezi hata kilomita 100. Kilichoongezeka ni saa za foleni, na miongoni mwa waliopanga foleni hiyo walikuwamo wagonjwa waliokwenda kutibiwa Nairobi.

Siipuuzi hofu iliyozaa amri ile. Mashambulizi ya Westgate 2013, Chuo Kikuu cha Garissa 2015, hoteli ya Dusit Januari 2019: Kenya imezika watu wengi mno. Lakini tuitazame hatari yenyewe. Tarehe 2 Februari 2016, bomu lililofichwa kwenye kompyuta ya mkononi lililipuka ndani ya ndege iliyokuwa imetoka Mogadishu kwenda Djibouti, muda mfupi tu baada ya kupaa, likatoboa ubavu wake. Rubani aliirudisha ikatua. Aliyekufa ni mshambuliaji peke yake. Bomu hilo lilipitishwa kwa msaada wa watu waliofanya kazi uwanjani humo humo. Sasa upekuzi wa Wajir, kilomita karibu 580 mbele, ungemsaidia nini abiria wa ndege kama ile? Uliilinda Nairobi. Aliye angani haukumlinda.

Kwa hiyo nguvu ielekezwe Uwanja wa Ndege wa Aden Adde, Mogadishu: mashine za kisasa, wakaguzi ambao nao wanakaguliwa, na maofisa wa Kenya wakifanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Somalia kabla mtu hajapanda. Wako watakaosema huko ni kuingilia mamlaka ya Somalia. Ni hoja nzito, lakini kushusha raia wake Wajir na kuwapekua upya kuliidhalilisha zaidi.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Mei 2021, siku chache tu baada ya nchi hizi mbili kurudisha uhusiano wa kibalozi, Kenya ilisimamisha safari za ndege na Somalia kwa miezi mitatu, isipokuwa za wagonjwa mahututi na za misaada ya Umoja wa Mataifa. Juni ikaziruhusu tena. Familia za Cedar-Riverside huumia hapo, kwa kuwa Wasomali wanaoomba viza ya kuhamia Marekani wamekuwa wakihojiwa Nairobi. Na tangu Juni 2025, Marekani ilipowafungia Wasomali mlango, Nairobi imebaki mahali ambapo bibi wa Mogadishu anaweza kumwona mjukuu wa Minneapolis. Tiketi imekatwa, likizo imeombwa kazini, halafu anga inafungwa ghafla.

Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotambua haki ya watu kusafiri, inatumika tangu 2010. Nairobi na Mogadishu ziandikiane humo kwamba pasipo tishio la usalama lililothibitishwa, hakuna atakayesimamisha ndege za abiria bila kutoa taarifa ya siku 30.