Ufundi Kwanza, Vifaa Baadaye

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kokoto likirushwa na lori likatia ufa kioo cha mbele cha gari, ufa ukiwa mdogo huzibika kwa gundi maalumu. Vijana wanaonunua vifaa vya kazi hiyo wanastahili pongezi. Lakini kifaa si ufundi. Hewa isipoondolewa ndani ya ufa, gundi haipenyi. Na kazi ikifanywa juani, gundi huganda kabla ya kuenea. Kijana na ajifunze kwanza kwa fundi mzoefu, akitumia vioo vikuukuu, ndipo achague vifaa ambavyo gundi yake hupatikana nchini. Tena ajue kukataa kazi: ufa ulio mbele ya macho ya dereva hubakiza alama hata ukizibwa. Hapo kioo kibadilishwe, kwani uhai wa abiria hauna badala.