Binti Akiolewa Hajafa

Tarehe 26 Oktoba 2021, Mako, binti wa ukoo wa kifalme wa Japani, aliwaaga wazazi wake na mdogo wake wa kike, akaenda kuolewa na Kei Komuro, kijana aliyesoma naye chuo kikuu. Mfalme Naruhito ni kaka mkubwa wa baba yake. Kwa hesabu yetu sisi, mfalme ni baba yake mkubwa. Haikusaidia kitu. Sheria ya Nyumba ya Kifalme ya mwaka 1947, kifungu cha 12, inasema mwanamke wa ukoo huo akiolewa na mtu wa nje, si wa ukoo tena. Siku hiyohiyo Mako akapewa jina la ukoo wa mumewe na kuandikwa raia wa kawaida. Serikali ilikuwa tayari kumpa fedha za kuagwa, karibu yeni milioni 150. Alizikataa, baada ya magazeti kumsakama miaka mingi kwa sababu ya uchumba huo, akahamia New York na mumewe.

Mdogo wake wa kiume, Hisahito, akioa msichana wa familia yoyote ile, hatatoka. Mkewe ndiye atakayeingia. Bibi yao, Michiko, alikuwa binti wa mfanyabiashara alipoolewa mwaka 1959, akafika hadi kuwa malkia. Mke aliyetoka nje anakuwa mtu wa nyumba, na binti aliyezaliwa ndani anakuwa mtu baki. Msomaji wa Musoma, wa Bunda, wa Butiama, usiseme hayo ni mambo ya Wajapani. Hayo ni mambo yako, tena kwako hakuna hata hizo yeni za kukataa.

Tazama baba anapofariki. Matanga yakiisha, ukoo unakaa. Muhtasari wa kikao unaandikwa ili upelekwe Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi ateuliwe. Katika orodha ya warithi wanawekwa watoto wa kiume wote, hata yule aliyepotelea mjini miaka nenda rudi bila kutuma salamu wala shilingi ya dawa. Mabinti walioolewa, ambao walikuja kwa zamu kumgeuza mzee kitandani na kumpeleka hospitali, wakati huo wako jikoni wanasugua masufuria ya msiba. Hakuna anayewaita. Mmoja akithubutu kusogea na kuuliza, anajibiwa na mdogo wake wa kiume, mtoto aliyembeba mgongoni: "Wewe dada una kwako."

Ana kwake wapi? Huko alikoolewa, mume akifa, shemeji zake watamwambia ardhi ni ya ukoo wao na yeye ni mtu wa kuja. Na hayo si maneno ya walevi wa kilabuni tu. Yameandikwa. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436, zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Kanuni hizohizo zinamweka binti katika daraja la tatu la warithi, nyuma ya kaka zake wote, na shamba la ukoo anaruhusiwa kulitumia bila kuliuza. Huyo ni mwanamke aliyefungiwa milango miwili. Kwa baba ameambiwa ameondoka, kwa mume ameambiwa hajafika.

Wazee wananijibu kwamba fungu la binti ni mahari. Nawaomba wahesabu ng'ombe. Waliingia zizi la nani? Waliingia zizi la baba, na baada ya miaka michache wakatoka kwenda kumwolea kaka. Kila mtu wa Mara anajua mzunguko huo, na wako wanaume wengi wenye wake na watoto leo kwa sababu dada zao waliolewa kwanza. Mwanamume wa namna hiyo, anaposimama kwenye kikao cha ukoo na kusema dada yake hana haki katika mji ule, anasema akiwa na mke aliyepatikana kwa ng'ombe wa dada huyohuyo. Sijui neno la upole la kuliita jambo hili. Ni dhuluma.

Wengine wana hofu ya ardhi: ukimpa binti, utaingiza ukoo mwingine katikati ya mji. Hofu hii ningeiheshimu kama ingewashika pia wanaume. Mashamba mangapi ya ukoo, barabarani kuelekea Bunda au huko Buhemba kwenye dhahabu, yameuzwa na watoto wa kiume kwa watu ambao ukoo haukuwahi kuwajua hata kwa jina? Aliyeuza ili anunue pikipiki hakuitiwa kikao. Ila binti anayetaka nusu eka apande mihogo, akirudi na watoto wake baada ya kupigwa na kufukuzwa, huyo ndiye hatari kwa ukoo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na binti mfalme wake aliyetoka. Sayyida Salme, mtoto wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka katika manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Emily na kufunga ndoa Aden mwaka 1867. Mume akafa Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na meli za kivita za Ujerumani, ambayo ilimtumia kwa shabaha zake yenyewe, akidai haki yake ya mirathi. Sultani Barghash, kaka yake wa baba mmoja, hakutaka hata kumwona. Najua suala la dini lilikuwemo, na kwa Mwislamu si suala dogo. Lakini mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria kutoka nchi ya Wachirkasi, mbali vilevile. Baba kuleta mwanamke wa mbali ilikuwa fahari ya jumba; binti kumfuata mwanamume wa mbali kukamfuta katika jumba hilo mpaka alipofia Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Na tukitaja dini tuitaje yote: binti wa Kiislamu wa Nyasho, Musoma, ana fungu lake katika Kurani, nusu ya la kaka yake, na kuolewa hakulifuti. Sisi wa mila tumempa binti yetu nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mila tunayoitaja hatuijui. Upande wa Nyamuswa, wilayani Bunda, wazee wa Kiikizu wanasimulia kwamba utemi wao ulianzia kwa Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua, aliyemshinda mwindaji Isamongo mwenye moto. Wajapani nao wanasema ukoo wa mfalme wao unatokana na Amaterasu, mungu jua, naye ni wa kike. Na wanawake wanane waliwahi kukaa katika kiti hicho, wa mwisho katika karne ya 18. Watu waliotoka kwa mwanamke, huko na huku, wamekaa wakatunga kanuni ya kumtoa mwanamke. Kisha wanaiita kanuni hiyo asili.

Tazama pia nyumba ntobhu, kwa Wakurya na majirani zao. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anamwoa msichana, na msichana anazaa ili nyumba ipate mrithi. Mara nyingi mwanamke huyo ana mabinti wakubwa, wenye akili na nguvu, walioolewa vijiji vya jirani. Anaingia gharama ya ng'ombe na kumleta mtoto wa mwenzake, wakati mwingine kigori kabisa, kwa sababu watoto aliowazaa mwenyewe hawahesabiki. Mabinti hao wangehesabiwa, yule msichana wa kununuliwa uzazi angekuwa shuleni.

Sheria nzuri zimekuwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyopitishwa wakati mtoto wa Butiama akiwa Ikulu, inampa mke haki ya kumiliki mali yake. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeshtakiwa kwa kuuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipoomba kanuni za 1963 zifutwe, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe. Kamati hiyohiyo iliwaambia Wajapani mwaka 2024 warekebishe sheria yao ya kurithi kiti. Japani ilikasirika. Sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kunamhukumu kila siku mwanamke fulani katika chumba cha Mahakama ya Mwanzo.

Bunge lifute Tangazo Na. 436, na wabunge wa Mara wawe wa kwanza kusimama. Kabla ya hapo, hakimu ana uwezo mkononi mwake: akiletewa muhtasari wa kikao wa marehemu aliyezaa mabinti, na hauna jina la binti hata mmoja, aurudishe na aagize waitwe waje wenyewe mbele yake. Na wewe baba mwenye shamba Kiabakari, uliye mzima leo, nenda ofisi ya kijiji ukaombe hati ya kimila, kisha andika wosia wenye majina ya watoto wako wote mbele ya mashahidi. Usiwaachie wanao wa kiume kazi hiyo.