Risasi huua hata bila bunduki

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Kuna ile itokayo kwenye mtutu wa bunduki, na kuna madini mazito ya kijivu ambayo hutumiwa kuitengeneza. Ya kwanza kila mtu huikimbia. Ya pili huyeyushwa nyuma ya nyumba zetu, watoto wakicheza kando.

Siku moja fundi wa jua kali alimleta kwangu mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amekonda, akilia tumbo, na choo alikipata kwa shida. Alikwisha kupewa dawa ya minyoo mara mbili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Nikamuuliza baba kazi yake.

"Nayeyusha betri kuukuu za magari, daktari. Nawatengenezea wavuvi chubwi."

"Wapi?"

"Pale pale uani, karibu na jikoni."

Damu ya mtoto ilipopimwa, ilikutwa na sumu ya risasi.

Mzee huyu hakuwa mzembe. Alikuwa akitafuta karo na unga, na hakuna aliyewahi kumwambia. Wala si sisi tu. Huko Marekani wapo wapiga shabaha wanaojitengenezea risasi za bastola nyumbani, wakichanganya madini haya na bati na antimoni ili yawe magumu. Hapa kwetu kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni hatia, lakini chubwi hazina askari. Sumu inayotoka katika sufuria hizo mbili ni ile ile.

Madini haya huyeyuka kwenye joto la digrii 327, nalo jiko la makaa hulifikia. Wengi hudhani hatari ni moshi peke yake. Lakini zile taka zinazoelea juu na kuenguliwa kwa kijiko huwa vumbi laini lisiloonekana. Hushika nguo, nywele na viatu, likaingia nyumbani pamoja na baba. Mtoto hutambaa juu yake, kisha hutia vidole kinywani. Mwili wake hufyonza sumu hiyo mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kikifika mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu, ni lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtu mzima sumu hii hupandisha presha na kuharibu figo. Kwa mtoto hudumaza akili, na ikizidi huleta degedege na kifo. Hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Zipo dawa za kuiondoa mwilini, lakini akili iliyoharibika hairudishwi na sindano.

Kule Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, pale watu wa mtaa walipochekecha mchanga ili kupata risasi ya betri. Hapa Kenya tunakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kudhurika. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Walisubiri hadi Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikaithibitisha.

Kiwanda kina lango na mwenyewe, na kinaweza kushtakiwa. Je, uani kwa fundi nani atashtakiwa? Maoni yangu ni kwamba kumfukuza fundi na askari wa kaunti hakutasaidia, maana atahamia uchochoro wa pili na sufuria yake. Wauzaji wa betri na walazimishwe kununua betri kuukuu kwa bei nzuri, ili asione faida ya kuzipasua. Kaunti ziwatengee mafundi mahali mbali na makazi. Na kipimo cha damu kipatikane katika hospitali za umma, si katika maabara za wenye pesa tu.

Wewe unayefanya kazi hii, usiyeyushe nyumbani hata siku moja. Sufuria ya risasi isirudi jikoni. Usile wala kuvuta sigara kazini kabla ya kunawa kwa sabuni. Oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio. Na ukienda kwa daktari, mwambie kazi yako hata asipouliza.

Yule mtoto anaendelea vizuri, na baba yake alihamisha jiko. Lakini miaka mitatu ya kwanza ya maisha ya mwanawe ilipita kando ya sufuria ile, na hiyo hakuna daktari awezaye kuirudisha.